Lirudishwe Mara Baada ya Maonyesho

Chini kabisa ya mabango ya sinema ya Marekani ya miaka ya 1940 na 1950, pale ambapo jicho la mtazamaji halifiki kwa kuwa limeshanaswa na mabega ya Ava Gardner au bastola ya Humphrey Bogart, pana maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa. Yanasema, kwa Kiingereza cha mawakili, kwamba bango hili ni mali ya kampuni ya National Screen Service, kwamba ukumbi umeruhusiwa kulitundika kwa muda ambao filamu inaonyeshwa na si zaidi, na kwamba kazi ikiisha lirudishwe mara moja. Basi. Hakuna cha tafadhali wala asante.

Maandishi hayo nimeyasoma mara nyingi kuliko nilivyosoma majina ya mastaa wenyewe. Mimi ni mtu wa mabango. Uwezo wa kununua sina, mshahara wangu unajua njia mbili tu, kwa mwenye nyumba na kwa konda wa daladala, lakini miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifuatilia minada ya Marekani kwenye intaneti, nikiikuza picha mpaka pembe ya chini, nikisoma namba za mwaka, nikihesabu mikunjo. Wenzangu wanatazama mpira. Na kila nikifika kwenye yale maandishi swali ni lile lile: kama kila bango lilitakiwa kurudishwa, hili ninalolitazama limetokea wapi?

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Kampuni ilisambaza, ukumbi ukakodi. Mwenye ukumbi aliye mwaminifu akarudisha. Bango likaenda ukumbi mwingine, likatobolewa pini, likarudishwa tena, likaenda mji mdogo zaidi, mpaka likachakaa na kutupwa. Kama kila mtu angefanya kama karatasi ilivyomwambia, leo pasingekuwa na minada, pasingekuwa na yale mavitabu mazito ya picha, wala Martin Scorsese asingekuwa na mabango ya kuonyeshwa kwenye Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa kule New York mwaka 2015. Tunayo mabango kwa sababu kuna watu hawakutii. Mwendesha mashine aliyekunja moja akalisokomeza ndani ya koti. Kijana wa kuchana tiketi aliyempenda Rita Hayworth kupita kiasi. Mfagizi. Hao ndio waliotuwekea.

Hollywood yenyewe ilikuwa ya mwisho kujali. Wakati ule ambao leo wanauita enzi ya dhahabu, bango halikuwa dhahabu hata kidogo. Lilikuwa karatasi ya wiki moja. Bango la kawaida lilikuwa na upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 41, nalo lilisafirishwa likiwa limekunjwa kama shati, ndiyo maana karibu mabango yote ya zamani yana mistari ya mikunjo. Palikuwa na kadi za kutundika ukumbini, inchi 11 kwa 14, zikija nane nane. Palikuwa na makubwa ya barabarani yaliyounganishwa kwa karatasi 24. National Screen Service ilianza mwaka 1920 ikishughulika na vionjo vya filamu, vile vipande vya kuwatia watu hamu ya wiki ijayo, na kuanzia 1940 ikaanza kuchukua na kazi ya mabango, studio moja baada ya nyingine, hata ikawa ndiyo mlango wa karibu kila karatasi iliyotangaza sinema nchini mle. Kabla ya hapo studio zenyewe zilikuwa na maghala mijini na utaratibu haukutofautiana sana: chukua, tundika, rudisha au tupa. Mwenye ukumbi alilipa senti za kukodi. Nani angenunua? Anunue ili iweje? Ijumaa filamu ni nyingine.

Halafu ikaja vita. Marekani iliingia Desemba 1941, na pamoja na vita zikaja kampeni za kukusanya chuma chakavu, mpira, na karatasi. Watoto wa shule walipita mlango kwa mlango wakiomba magazeti ya zamani. Sasa mweke hapo mwenye ukumbi mzalendo, mtu mwema, mwenye rundo la mabango ya miaka ya 1930 chumba cha nyuma. Alilitoa. Hata mimi ningelitoa. Jirani yake mchoyo, asiyependa kutoa kitu, akabaki na lake.

Unaona inakoelekea? Mwema katika habari hii hakutuachia kitu.

Nisije nikawaonea watu, si kila bango lililopo leo liliibwa. Baadhi ya maghala yalipofungwa yaliuza akiba zao kwa wafanyabiashara, kihalali kabisa, kwa bei ya karatasi. Mengine yaliokolewa na uvivu, na hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Kule Berwick, mji mdogo wa Pennsylvania, lilionekana darini bunda la mabango ya miaka ya 1930 yaliyogandishwa moja juu ya jingine kwa gundi ya kubandikia karatasi za ukutani. Inaelekea mtu alikuwa akibandika jipya juu ya la zamani bila kujisumbua kulibandua. Wataalamu waliyatenganisha taratibu kwa mvuke, yakatoka 33, limo na la *Dracula* ya mwaka 1931, na yalipopigwa mnada Machi 2012 yakaleta zaidi ya dola 500,000. Yule bwana wa gundi angeambiwa hivyo angeanguka kicheko. Wengine walizibia upepo kwenye kuta za mbao. Hao sina ugomvi nao. Hawakuiba wala hawakuokoa, walikuwa wakifanya shughuli zao.

Ugomvi wangu, au tuseme mashaka yangu, ni kwa yule aliyejua. Aliyesoma yale maandishi madogo, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakunja.

Nina mshikaji wangu anasoma falsafa chuoni, na kama unavyowajua watu wa falsafa, hawakubali kitu mpaka wakizungushe. Nilimweleza jambo hili tukiwa kwenye chipsi. Akaniuliza swali lao lile: "Je, kama kila mtu angefanya hivyo?" Kama kila mfagizi wa kila ukumbi angebeba bango lake, ingekuwaje? Nikamjibu haraka haraka kwamba tungekuwa na mabango mengi, tabu iko wapi? Akacheka. Akasema, "Mabango mengi, ndiyo, lakini nani angekupa hata senti?"

Nililala na hilo neno.

Kwa sababu ni kweli. Mwezi Novemba 2017 bango moja la *Dracula* liliuzwa kule Dallas kwa dola 525,800. La *The Mummy* ya 1932 lilikuwa limeuzwa New York mwaka 1997 kwa dola 453,500. Kwa nini? Wanakwambia ni uzuri. Uzuri upo, sikatai, lile la *The Mummy* ukilitazama usiku hulali vizuri. Lakini uzuri ule ule, mistari ile ile na rangi zile zile, unaweza kuupata kwenye nakala mpya ya dola kumi, na ukutani hutaona tofauti kubwa. Hizo dola laki tano zilizobaki zinanunua nini? Zinanunua kutokuwepo kwa mengine. Zinanunua yale mamia yaliyorudishwa, yaliyosagwa, yaliyotolewa kwa ajili ya vita. Kila mwaminifu aliyetii maandishi ya chini aliongeza thamani ya bango la asiyetii, bila kujua, bila kulipwa. Uhaba umetengenezwa na hawa, faida wamekula wale.

Ukilitazama hivyo, yule mwendesha mashine mwenye koti anabadilika sura. Tulikuwa tumeshamfanya shujaa, mwokoaji wa sanaa aliyeona thamani pale wenye kampuni walipoona takataka. Lakini kama alichookoa kina thamani kwa sababu wenzake hawakuokoa, basi anawadai shukrani au wanamdai mgao?

Hebu tusikimbilie hukumu. Wizi unahitaji mwenye mali, na hapa mwenye mali ni nani? Kwa karatasi ni kampuni, ambayo haipo tena, na ambayo ingerudishiwa bango lile ingelipeleka kwenye mashine ya kusaga. Nikikunyang'anya kitu unachokwenda kukichoma moto, nimekuibia nini? Moshi? Na mchoraji je? Wachoraji wengi wa enzi ile walikuwa waajiriwa wa kulipwa kwa kazi, na jina hawakuweka. Bango la *The Mummy* linahesabiwa kuwa kazi ya Karoly Grosz, aliyesimamia matangazo ya studio ya Universal, na pamoja na mamilioni yote yaliyobadilishana mikono juu ya kazi zake, maisha ya mtu huyu hayajulikani sana. Bill Gold alipotengeneza bango la *Casablanca* mwaka 1942 alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Alimwekea Bogart bastola mkononi ili picha ichangamke. Huyu angalau aliishi mpaka 2018, akafa na miaka 97, akiwa ameheshimiwa. Lakini bango la mnadani halikumlipa yeye.

Tena tukumbuke kilichokuwa kikiokolewa ni tangazo la biashara, na tangazo la biashara lina ulimi wake. Bango la *Forbidden Planet* la 1956 linaonyesha roboti la kutisha limembeba msichana aliyezimia. Ingia ukumbini sasa: roboti lenyewe ni mtumishi mpole, linafuata amri, linapika. Mtiifu kuliko wote kwenye filamu nzima, kule nje ya mlango wamemgeuza jini! (Na bango hilo ni ghali, usiulize.) Kwa hiyo mtu aliiba karatasi yenye uongo, mali ya kampuni iliyotaka kuisaga, iliyochorwa na mtu asiyetajwa. Ukilipima kosa hilo kwenye mizani, sindano haisogei.

Mpaka hapo ningeweza kuweka kalamu chini, kama si habari ya nyumbani kwetu.

Babu yangu mzaa baba alifanya kazi kwenye ukumbi mmoja wa sinema kule Tanga kuanzia miaka ya mwisho ya ukoloni. Si mwendesha mashine, hapana, alikuwa mbandikaji. Ndoo, brashi, uji wa unga wa ngano, ngazi. Kwa maelezo yake mabango yalikuja pamoja na mikebe ya filamu, yamekunjwa, na orodha, na filamu ikimaliza siku zake vyote vilipandishwa tena kwenye gari kwenda mji unaofuata. Yaliyobandikwa kwa uji hayakurudi, yalikufa ukutani kwa jua na mvua. Yaliyowekwa kwenye fremu ya kioo pale mlangoni ndiyo yaliyohesabiwa. Kuhesabu ilikuwa kazi ya mwenzake, mzee mmoja mwenye daftari, ambaye babu alimtaja kwa heshima iliyochanganyika na kuchoshwa, kama unavyomtaja mtu asiyekosea.

Mwaka 1962 ilitoka *Hatari!* ya Howard Hawks, ndani yake John Wayne na wenzake wanakamata wanyama wa kupelekwa kwenye mabustani ya ng'ambo. Ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, kabla ya uhuru wa Desemba 1961 na ikatoka baada yake, yaani iliondoka koloni ikarudi taifa. Kwa watu wa hesabu kali hiyo ni mkiani mwa enzi ya dhahabu, lakini Hawks na Wayne ni wa enzi ile ile, tusibishane. Babu alibandika bango lake mjini kote, na lile la fremu ya kioo halikurudi kwenye orodha.

Kwa nini lile, katika mamia? Nilimuuliza akiwa mzee sana, nikitegemea jibu la mpenzi wa sanaa: rangi, faru, gari linalopepesuka. Akanitazama kama mtu asiyeelewa. Akasema, "Niliweza kulisoma." Miaka yote ile alikuwa akibandika maneno asiyoyajua, Kiingereza, Kihindi, akiyajua kwa sura kama anavyozijua chapa za ng'ombe, na siku moja akafungua karatasi akakuta imeandikwa, kwa herufi kubwa kuliko zote, neno la lugha yake. HATARI! Alilisoma kwa sauti juu ya ngazi. Watu chini wakadhani anaanguka.

Hilo ndilo bango lililokaa chini ya godoro lake, ndani ya mkeka, zaidi ya miaka hamsini. Lina matobo ya pini pembeni na alama ya kutu. Nimesoma jinsi warejeshaji wa Marekani wanavyofanya: wanaliosha bango, wanalibandika juu ya kitambaa kwa gundi laini inayoweza kuondolewa, wanaziba matobo, wanapaka rangi juu ya mikunjo mpaka linang'aa kama halijawahi kutumwa popote. Wakusanyaji wengine wanalipenda hivyo, wengine wanaona ni kumpaka wanja maiti. Mimi ningeyaacha matobo. Matobo ndiyo yanayosema kwamba lilifanya kazi.

Babu alipofariki likaibuka suala la mgawo, na shangazi yangu, mtu wa msikitini na mkali wa haki, akasema hicho kitu hakiingii kwenye mirathi kwa sababu hakikuwa cha marehemu. "Ni mali ya watu," alisema. Tukamuuliza, watu gani shangazi? Ukumbi ulishageuzwa kuwa ghala la magodoro. Aliyesambaza filamu sijui hata alikuwa nani. Tukirudishe wapi, tukiweke mlangoni Hollywood? Akasema kutomjua mwenyewe hakukufanyi wewe kuwa mwenyewe. Nimekaa na mshikaji wangu wa falsafa saa ngapi, hajawahi kusema sentensi nzito kama hiyo.

Ipo hoja nyingine ambayo kaka yangu aliileta akiwa amewaka. Kwamba wao ndio waliotuanza. Walikuja, wakapiga picha mbuga zetu na watu wetu, *Trader Horn* mwaka 1931, *King Solomon's Mines* 1950, *Mogambo* 1953, wakatuweka nyuma ya mzungu kama miti, wakaondoka na fedha, na hata neno "hatari" wamelichukua bila kutuuliza. Sasa bango moja ndiyo wizi? Na kweli kwenye bango la babu sijaona uso wa Mwafrika ninaoweza kuutambua, japokuwa jina ni letu. Hoja hii ni tamu. Ndiyo maana naiogopa. Maana babu hakulichukua kwa kulipiza, na mimi nikimwekea kinywani siasa ambayo hakuwa nayo nitakuwa namwibia na yeye. Alichukua kwa sababu aliweza kulisoma. Zaidi ya hapo, aliyebeba lawama bango lilipokosekana hakuwa John Wayne.

Alikuwa yule mzee wa daftari. Hili babu alilisema mara moja tu, usiku, bila kuulizwa: mwenye ukumbi alimkata mwenzake mshahara kwa bango lililopungua. Kiasi gani hakusema. Alisema tu kwamba mzee yule hakuuliza, aliandika "pungufu moja", akafunga daftari.

Basi ile hesabu yangu ya Dallas na New York, ambayo nilidhani ni ya watu wa mbali, ikawa imekuja kukaa sebuleni. Mwaminifu aliyelipa ili bango la asiyetii lipate kuwepo ana sura, ana kaburi Tanga, na ana watoto. Mtu ananiambia hakuna aliyeumia kwa karatasi. Sijui kwa zile za Marekani, huenda kweli. Lakini popote palipokuwa na orodha palikuwa na mtu aliyeishika, na kampuni haikatwi mshahara. Anakatwa wa chini. Wakusanyaji tunapenda sana kusimulia asili ya bango, lilitoka ukumbi gani, nani alilihifadhi, lilipita mikono ya nani. Aliyelijazia pengo hatumwandiki.

Sasa kuna mnunuzi. Si laki tano za dola, usishtuke, *Hatari!* si *Dracula*. Ni dola 150, karibu laki nne za Tanzania, kutoka kwa mtu wa ng'ambo aliyeona picha niliyoituma. Mtoto wa dada yangu anatakiwa kuripoti kidato cha kwanza na orodha ya mahitaji ndefu kama mkeka wenyewe. Dada anasema tuuze. Kaka anasema tusiuze, litoke tena nchini? Shangazi anasema yeye hataki kugusa hata shilingi, lakini kama tutauza, nusu iende kwa watoto wa yule mzee, na hiyo nusu isiitwe sadaka.

Mimi nilikuwa upande wa kaka, kwa ubinafsi tu, kwa kuwa ndilo bango pekee la kweli nililowahi kulishika. Lakini nimeona siwezi kumpinga shangazi. Nimejaribu. Nilimwambia kwamba bila babu lingesagwa, kwa hiyo aliyelifanya liwepo ndiye mwenye haki nalo. Akaniuliza, "Mwenzie alipolipa, alilipia nini?" Nikakosa la kusema.

Mwezi uliopita nilikwenda Tanga. Haikuwa vigumu kumpata mtoto wa mzee, ni fundi baiskeli, mtu wa miaka sitini hivi. Nilimweleza jambo lote, tangu daftari mpaka dola. Alisikiliza huku anaziba pancha, akaichovya tyubu kwenye beseni, akaangalia kama inatoa mapovu. Habari ya kukatwa mshahara hakuwahi kuisikia. Baba yake hakuwa msemaji. Nilimuuliza kama yale madaftari yapo, kwa kuwa, nilimwambia kwa shauku ya mkusanyaji, humo mna jina la kila filamu iliyopita Tanga kwa miaka ishirini, na tarehe, kwa mkono wa mtu mmoja.

Alisema yalikuwa mengi, kabati zima. Mama yake alikuwa akiuza karanga, aliyachana kidogo kidogo kufungia.

Kisha akaniuliza hilo bango lina picha gani. Nikamwonyesha kwenye simu. Aliisogeza karibu na macho, akalisoma lile neno, akasema kama kuna uwezekano, kabla halijaondoka, apelekewe alione. Mnunuzi anataka jibu Ijumaa. Basi la Tanga ni saa kumi na mbili asubuhi, na nimeshaazima bomba la plastiki la kulibebea ili lisikunjwe tena.